Amana Haiazimishwi

Mamlaka ya nchi si mali ya wale waliokabidhiwa kuyashika. Ni amana; na mwenye kushika amana hufungwa na sheria ambayo watu wa pwani na bara waliifahamu kabla ya kuwako kitabu chochote cha katiba: ataihifadhi, ataitumia kwa faida ya mwenyewe, na siku ya kudaiwa ataitoa. Kuiazimisha hawezi. Wakili aliyetumwa mnadani kuuza ng'ombe hana ruhusa ya kumweka wakili mwingine mahali pake ila kwa idhini ya mwenye ng'ombe. Na hasara ikitokea, haimfai kitu kusema ya kwamba yule wa pili alikuwa mjuzi zaidi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imelisema jambo hili katika ibara ya 8: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Neno hilo husomwa shuleni, husifiwa mikutanoni, na aghalabu husahauliwa ofisini.

Ushahidi wa kusahauliwa huko uko Ifakara na katika bonde zima la Kilombero. Bonde hilo limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Masika hufurika, na maji yakipungua huacha udongo ambao Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wameulimia mpunga, na mabwawa ambamo wamevua samaki, kizazi baada ya kizazi. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji hutoka huko. Mbuga zake ndizo zilizokuwa makao makuu ya sheshe, mnyama ambaye mahali pake ni pachache duniani. Hapana mtu mwenye akili asemaye ya kwamba bonde kama hilo lisihifadhiwe. Swali ni nani mwenye kauli juu yake, na kauli hiyo aliipata kwa nani.

Tanganyika haina udhuru wa kutolijua swali hili, maana ilizaliwa ndani yake. Tangu mwaka 1922 ilitawaliwa na Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na tangu mwaka 1946 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa maandishi, juu ya gavana wa Dar es Salaam kulikuwa na baraza la dunia nzima lenye wajibu wa kuwalinda wenyeji. Novemba 1951 Wameru waliondoshwa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, alifika New York na kusema mbele ya baraza hilo. Alisikilizwa kwa heshima, ardhi haikurudi. Fundisho lake halikuwa ya kwamba wajumbe wale walikuwa watu wabaya. Lilikuwa ya kwamba chombo kilicho mbali chaweza kusikiliza bila kuwajibika, kwa sababu hapana mwananchi awezaye kukinyima kura. Miaka tisa baadaye nchi ikajitawala, na maana ya kujitawala ilikuwa hiyo hasa: mwenye kauli awe karibu kiasi cha kuweza kuulizwa na kuondolewa.

Wala uhuru haukuwa na maana ya kufunga milango. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa vitabu vya uchunguzi wake juu ya bonde la Rufiji, na Kilombero ikiwamo: udongo wake, maji yake, mahali panapofaa kumwagiliwa. Vitabu hivyo viliitwa taarifa kwa Serikali ya Tanganyika, na neno "kwa" lina uzito wake hapo. Mtaalamu alipima akasema. Kuamua kulibaki kwa waliopewa kuamua. Kadhalika maabara iliyoanzishwa na Waswisi mjini Ifakara mwaka 1957 haikuifanya Ifakara kuwa mtaa wa Basel. Ilikua, ikapokea Watanzania, ikawa taasisi ya Kitanzania, na leo Taasisi ya Afya Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Huo ni ushirikiano. Aliyekuja na elimu aliiacha elimu, na hakuondoka na funguo za nyumba.

Tofauti ya ushirikiano na uazimishaji ilianza kufifia baadaye. Mwaka 2000 Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ardhi Oevu uliofanywa katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Mwaka 2002 Bonde la Kilombero likaandikwa katika orodha ya mkataba huo, eneo la hekta 796,735, yaani zaidi ya mara nne ya kisiwa cha Unguja. Kwa utaratibu wa mkataba nchi huteua eneo yenyewe na kulipeleka orodhani. Katika Katiba ya Tanzania hapana ibara inayoagiza ya kwamba uteuzi wa namna hiyo upite bungeni, wala inayoagiza ya kwamba vijiji vilivyomo vipigiwe mbiu ya mkutano. Mkataba ukiisha kupokewa mara moja, kalamu ya ofisi yatosha kwa kila eneo litakalofuata. Kwa hiyo mkulima wa mpunga aliweza kulala usiku akiwa juu ya ardhi ya kijiji chake, na kuamka akiwa ndani ya eneo lenye umuhimu wa kimataifa, bila ya mtu yeyote kuvunja sheria.

Huenda ikasemwa ya kwamba orodha ni sifa tu, na sifa haimdhuru mtu. Lakini mwishoni mwa mwaka 2012 kulifanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao, pamoja na wakulima, katika sehemu za bonde. Miongoni mwa hoja zilizotolewa hadharani ilikuwa hii ya kwamba bonde limo katika orodha ya Ramsar, na taifa limefungwa na ahadi yake. Wengi wa wafugaji hao walikuwa wamekwisha kuondolewa Usangu miaka michache kabla, kwa hoja ya kuyaokoa maji ya Ruaha. Yakubalike yote yaliyo kweli: mifugo ilikuwa imezidi, majani yalikuwa yamekwisha, sheshe walikuwa wakipungua, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilikuwa imekataza kulisha mifugo katika mapori tengefu. Serikali ilikuwa na sababu zake za ndani, na sababu za ndani zaweza kujibiwa ndani: kwa kura, kwa kesi, kwa swali la mbunge. Sababu ya nje haina pa kujibiwa. Ofisa akisema "sheria ya nchi yasema", mwananchi aweza kuisoma sheria na kubisha. Akisema "dunia imetaka", mwananchi hubaki kinywa wazi, kwa kuwa dunia haina ofisi Ifakara.

La kusikitisha zaidi ni ya kwamba dunia haikutaka hivyo. Mkataba wa Ramsar wasema katika ibara yake ya 2 ya kwamba kuandikwa eneo orodhani hakupunguzi mamlaka kamili ya nchi yenye eneo hilo, tena waipa nchi haki ya kupunguza mipaka ya eneo au kuliondoa orodhani kwa haja kubwa ya taifa. Ibara ya 3 yataka matumizi yenye busara, kwa kadiri iwezekanavyo; haitaki bonde tupu. Basi mamlaka yaliyodaiwa kutoka nje hayakuwa yametoka nje. Yalitoka ndani, yakavishwa kanzu ya kigeni ili yasiulizwe. Hili ndilo jambo ambalo wapiganiaji wengi wa uhuru wa dola hawaligusi. Wao humwogopa mgeni anayenyang'anya mamlaka. Hatari iliyo kubwa zaidi Kilombero ni mwenyeji anayejificha nyuma ya mgeni.

Mfano wa pili wapita wa kwanza kwa uwazi. Mwezi Mei 2010, mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, ulitangazwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, uitwao SAGCOT, na Kilombero ilikuwa kiini chake kimojawapo. Mwaka 2012 Kundi la Nchi Nane tajiri lilianzisha Muungano Mpya wa Usalama wa Chakula na Lishe. Katika hati ya ushirikiano baina ya nchi hizo na Tanzania, miongoni mwa ahadi za Serikali, iliandikwa ya kwamba ardhi yote ya vijiji vya Kilombero itakuwa imepimwa mipaka ifikapo Agosti 2012. Wilaya ya Tanzania ilitajwa kwa jina, pamoja na mwezi wa kukamilisha kazi, katika hati waliyowekewa mataifa makubwa na makampuni kuwa kipimo cha utii. Hati hiyo haikuwa mkataba wa kuridhiwa. Haikuwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, huupa mkutano wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji; lakini hapakuwa na sharti lolote la kuuleta ukurasa ule Mngeta au Mlimba, usomwe, na watu wanyoshe mikono.

Atatokea wa kusema: kupima mipaka ya vijiji ni jambo jema, na hati za ardhi zilizotolewa Kilombero, Ulanga na Malinyi miaka iliyofuata, kwa fedha za Uingereza, Sweden na Denmark, zimewafaa maelfu. Ndivyo. Lakini wema wa tendo hauhalalishi asili ya amri. Mtu akiingia nyumbani kwa mwenzake bila kubisha hodi na kufagia ua, ua utakuwa safi. Hata hivyo mlango umevunjwa, na kesho aweza kuingia mwingine asiyekuja na fagio. Serikali iliyozoea kuahidi ardhi ya kijiji kwa wasio wa kijiji, hata kwa jambo jema, imejifundisha njia. Njia haichagui msafiri.

Hapa ndipo wanapoinuka wale wenye kupaza sauti ya uhuru wa taifa, na yafaa wao nao waulizwe kwa haki. Pori la Selous liliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Ilipoamuliwa kujengwa bwawa la umeme la megawati 2,115 katika mto Rufiji, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipinga na kuomba kazi isimamishwe. Serikali ilijibu ya kwamba Tanzania ni nchi huru, na mwaka 2019 jiwe la msingi likawekwa. Iwe ilikosea au ilipata, ilionyesha ya kwamba neno la baraza la nje halikuwa amri. Basi maji ni yaleyale, yakitoka Kilombero kwenda Rufiji. Na dola ni ileile. Yawezekanaje orodha moja iwe karatasi tu mbele ya bwawa, na orodha nyingine iwe amri isiyopingika mbele ya mkulima? Jibu ni ya kwamba katika mambo yote mawili aliyeamua alikuwa mmoja. Uhuru wa taifa ulitumika pale ulipompa nafasi, na wajibu wa kimataifa ulitumika pale ulipompa kinga.

Mizani hiyo yaonekana tena mahakamani. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu wananchi wake kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Novemba 2019 ililiondoa tamko hilo. Mwenye kutoka Ifakara akidhulumiwa hawezi sasa kuipeleka nchi yake mbele ya mahakama hiyo kwa mlango ule, ingawa iko ndani ya mipaka ya nchi yake. Lakini kampuni ya Kiswidi iliyokusudia kulima miwa Bagamoyo, hati yake ya ardhi ilipofutwa mwaka 2016, ilikwenda Washington, katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia; na mwaka 2022 waamuzi wakaiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola za Marekani milioni 160. Ibara ya 107A ya Katiba yasema ya kwamba mwenye kauli ya mwisho katika kutoa haki ni Mahakama ya Jamhuri. Kauli hiyo ni ya mwisho kwa mkulima. Kwa mwekezaji ni ya kwanza tu. Sheria ya mwaka 2017 juu ya umiliki wa maliasili ilijaribu kuuziba mlango huo kwa kuzuia mashauri ya maliasili yasipelekwe nje. Lakini mkataba uliokwisha kutiwa saini na nchi nyingine haufutwi kwa sheria ya upande mmoja, na wanaolipa gharama ya saini hizo ni wale ambao hawakuulizwa siku ya kutiwa.

Yupo pia mpinzani wa namna nyingine, mwenye moyo mwema. Yeye husema: mabaraza ya kimataifa ndiyo kimbilio la wanyonge. Hutaja ya kwamba mwaka 2023 malalamiko ya wanavijiji wa Usangu yalifikishwa kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, na mwaka 2024 Benki ikasimamisha kutoa fedha za mradi uliohusika. Ni kweli, na waliopata nafuu hawapaswi kulaumiwa kwa kuitafuta. Lakini yatazamwe maana yake. Mtanzania aliyeonewa juu ya ardhi ya Tanzania alipata kusikilizwa kwa sababu tu mkopo ulikuwamo ndani. Kama Serikali ingelikuwa imetumia fedha yake yenyewe, jopo lile lisingekuwa na neno. Haki inayotegemea kuwako kwa mkopo si haki. Ni sharti la mkopeshaji, na mkopo ukilipwa yaondoka nao. Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Haifuati kwamba nchi ijifungie. Ndege wa Kilombero huvuka mipaka bila pasi, homa haiulizi bendera, na Jumuiya ya Afrika Mashariki haiwezi kusimama bila kila nchi kutoa sehemu ya kauli yake. Ndiyo maana mkataba wake, katika ibara ya 8, huvipa vyombo vya Jumuiya utangulizi juu ya vile vya nchi katika kuutekeleza. Mataifa mengine yamelikabili swali hili bila kukimbia. Ujerumani iliingia katika Umoja wa Ulaya, lakini Oktoba 1993 Mahakama yake ya Katiba iliamua ya kwamba madaraka yanayotolewa yawe yametajwa kwa mipaka inayojulikana, na ya kwamba bunge lililochaguliwa na wananchi libaki na kazi zenye uzito wa kweli. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, iliifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria zake, na mwaka 2012 ikatunga sheria ya utaratibu wa kuifanya na kuiridhia. Yamkini taratibu hizo zina kasoro. Lakini ziliuliza swali mapema, kabla ya watu kuhamishwa.

Katiba ya Tanzania hujibu kwa sentensi moja. Ibara ya 63 yalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake yahitaji kuridhiwa. Maneno "kwa masharti yake" ndiyo ufa wa ukuta mzima. Kwa maneno hayo, ni mkataba wenyewe unaoamua kama Bunge litaulizwa, kama kwamba mgeni ndiye mwenye kuamua iwapo nyumba hii hubishwa hodi. Hati ya Kundi la Nchi Nane haikutaka kuridhiwa, basi haikuridhiwa. Bunge linapopata nafasi laweza kufaa: Novemba 2016 lilijadili mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya na likashauri usisainiwe, na Tanzania haikusaini. Lakini mkataba baina ya Tanzania na Dubai juu ya bandari ulitiwa saini Oktoba 2022, ukaridhiwa Juni 2023, na Agosti mwaka huohuo Mahakama Kuu mjini Mbeya ikaitupa kesi ya waliouupinga. Mahakama ikiulizwa ni kiasi gani cha mamlaka chaweza kutolewa, ifungue ukurasa upi? Hapana ibara yenye kutaja kiasi.

Kwa hiyo Katiba yapasa kutiwa mipaka minne. Wa kwanza: ahadi yoyote kwa chombo cha nje inayogusa ardhi, maji au makao ya watu ipelekwe bungeni, iitwe mkataba au isiitwe. Wa pili: eneo lisiandikwe katika orodha yoyote ya kimataifa kabla ya mikutano ya vijiji vilivyomo kusomewa hati kwa Kiswahili na kutoa kauli yake, na kauli hiyo kuambatishwa mbele ya Bunge. Wa tatu: wajibu wa kimataifa peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtu mahali pake; ofisa ataje sheria ya nchi, na mtu awe na haki ya kuibishia mahakamani. Wa nne: pasiwe na mlango wa nje kwa mwekezaji uliofungwa kwa mwananchi, ama ifunguliwe yote miwili, ama ifungwe yote miwili.

Nafasi ya kuitia ilikuwako. Mchakato wa Katiba mpya ulianza mwaka 2011, rasimu zikaandikwa, na Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikakabidhiwa. Kura ya maoni haikupigwa. Wakati huo wote bonde halikungoja. Mwaka 2023 sehemu kubwa yake ilipandishwa na kuwa Pori la Akiba Kilombero, na mipaka mipya ikawa neno la kila siku katika vijiji vya jirani. Wanasheria na wanafunzi wa Chuo Kikuu, ambao huandika kurasa nyingi juu ya uhuru wa mataifa katika mabaraza ya New York na Geneva, wana kazi iliyo karibu zaidi. Waifungue ramani ya mwaka 2002, waiweke juu ya ramani ya vijiji, na kwa kila kijiji waulize: mkutano ulifanyika lini, hati ilisomwa kwa lugha gani, na ni nani aliyenyosha mkono? Mahali ambapo jibu halipatikani, amana iliazimishwa. Na mwenye amana ana haki ya kuidai.